Malkia Azungumze Kiswahili cha Wapi?

Kwa mwaka mmoja na zaidi, nilipokuwa naishi Johannesburg, nilikuwa malkia. Nilikuwa pia mfalme, mchawi, majitu saba ya kinamasi na farasi mwenye mabawa ambaye kazi yake ilikuwa kukoroma tu. Siku za wiki niliuza vitambaa katika duka moja la jumla huko Fordsburg. Lakini kila Jumapili, saa tisa alasiri, nilikaa katika chumba cha nyuma cha saluni moja ya kinyozi, Rosettenville, maikrofoni mkononi, nikiwatafsiria watu filamu za Kiingereza papo hapo.

Aliyekulia Tanzania anaijua kazi hii. Picha inakwenda, sauti ya Kiingereza inapunguzwa, na mtu mmoja anasema maneno ya wote, mwanamume, mwanamke, mtoto na mbwa. Mitaa ile ya kusini ilikuwa imejaa Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, na wengi wetu Kiingereza chetu kilikuwa cha kuulizia bei na kujibu polisi. Kinyozi mwenyewe alikuwa Mrundi, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Yeye alitoa chumba, televisheni na spika. Mimi nilileta kompyuta na mdomo.

Sasa, anayetafsiri peke yake lazima atofautishe watu. Malkia na mwizi wakizungumza sawasawa, watazamaji wanapotea. Hapo nikajiona nimegundua kitu ambacho hakuna aliyewahi kukigundua. Nikagawa Kiswahili. Wafalme, malkia na wazee wenye hekima nikawapa Kiswahili cha Tanga, kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga, na nilipokuwa nasema Tanga sikuwa nafafanua Tanga sehemu gani. Askari nikawapa cha Dar es Salaam. Wafanyabiashara na wezi wakapata cha Nairobi. Majitu, wachawi na kila kiumbe kinachoishi kwenye tope nikawapa cha Kongo.

Niliiita sanaa. Watu walicheka hadi kushika mbavu, na Wakongo nao walicheka, au mimi niliamua kuona kwamba wanacheka. Lazima niseme ukweli kuhusu nilivyokuwa enzi hizo. Nilikuwa naringa na Kiswahili changu kupita kiasi. Niliweza kumsahihisha mtu kwenye foleni ya mkate, mtu nisiyemjua, tena mkubwa wangu. Leo nikikumbuka naona aibu mpaka masikio yanapata moto.

Katika hali hiyo nikampata mchumba. Alikuja dukani Fordsburg kutafuta bitana ya suti, fundi wa nguo, mzaliwa wa Bukavu, miaka minane Johannesburg, ana cherehani tatu na ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Nilimsahihisha neno moja kabla hajalipa. Akaniangalia akasema, "Unauza vitambaa ao unafundisha?" Nikampunguzia bei siku hiyo hiyo, na baada ya miezi sita tulikuwa tunazungumzia ndoa.

Baba yake alishafariki. Neno la mwisho lilikuwa la mama yake, aliyebaki Bukavu, na mama huyo nilimjua kwa sauti tu. Kila jioni alimtumia binti yake ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika tatu, dakika nne, na mchumba wangu aliufungua kwa sauti kubwa huku anashona. Mama huyo hakuwahi kuamini kwamba ujumbe uliorekodiwa hauhitaji kujibiwa papo hapo. Kila mara alianza, "Alo, alo, unanisikia?" Kisha anangoja kidogo, kana kwamba Bukavu inasikiliza Johannesburg, halafu anacheka kwa pua, hm-hm-hm, na kuanza kutoa maagizo. "Alo, alo, unanisikia? Usikulake mayai ya mu barabara, itakuuma tumbo." Nilikuwa nakaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani, nasikiliza, nafurahi kupita kiasi.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 nikaanza kuonyesha tamthilia moja ndefu iliyotokana na vitabu vinene vitatu vya hadithi za ajabu. Kulikuwa na malkia anayeishi juu ya mlima, amefungia pepo za pande zote nne ndani ya vyungu, na kulikuwa na mchawi wa kinamasi anayetaka kumwibia chungu kimoja kimoja. Basi. Ila malkia huyo, katika vitabu, alikuwa mweupe. Waliotengeneza tamthilia walikuwa wamemchagua mwanamke mweusi, mrefu, mwenye shingo ndefu na macho yasiyopepesa. Kwenye mtandao watu wa ng'ambo walikuwa wanatukanana kwa ajili yake tangu picha ya kwanza ilipotolewa.

Sikutegemea ugomvi huo ufike Rosettenville. Ulifika na mlinzi mmoja Mkenya. Alikuwa analinda lango la nyumba za kifahari upande wa kaskazini, na katika kibanda chake cha lango alikuwa amevisoma vitabu vyote vitatu, mara mbili. Sehemu ya kwanza haijafika hata nusu, akasimama.

"Samahani. Hiyo si malkia."

"Si malkia vipi?" nikauliza, maikrofoni bado ipo mdomoni.

"Kitabu imesema ngozi yake ni nyeupe kama maziwa. Ukurasa ya tatu. Si mimi nasema, ni kitabu."

Chumba kikalipuka. Aliyelipuka zaidi ni fundi simu mmoja wa Dar es Salaam, kijana wa shati la kubana aliyekuwa anakaa kiti cha mbele kila Jumapili. "We mzee, kwa hiyo malkia lazima awe mzungu? Ndiyo tulichotoka nacho nyumbani hicho?" Mlinzi akajibu kwamba yeye hajali rangi, anajali maandishi, na mtu akibadilisha ukurasa wa tatu atashindwa nini kubadilisha wa mia tatu. Kinyozi, kwa sauti yake ya chini, akasema, "Ndugu yangu, farasi wanaruka angani, hilo umelikubali."

Mimi nikasimamisha picha na kutoa hotuba. Nilikuwa na maikrofoni, na mwenye maikrofoni ana haki daima. Nikasema hadithi ya kubuni haina ubini wala cheti cha kuzaliwa. Nikasema mtu aliyefungia upepo kwenye chungu anaweza kuwa na sura yoyote, na kama kuna watu wanaoweza kumwona malkia na kumeza kila kitu isipokuwa sura yake, tatizo liko kooni kwao. "Malkia ni yeyote tutakayemwamini!" nikamalizia. Nilipigiwa makofi. Fundi simu alipiga mguu sakafuni. Tangu siku hiyo, kila Jumapili mlinzi alitaja ukurasa wake wa tatu, na kila Jumapili nilimjibu, na nadhani watu wengine walikuja kwa ajili ya hilo.

Mchawi wa kinamasi alitokea sehemu ya pili. Alikuwa bibi mnene mwenye magugu kichwani, anatoka majini taratibu, anafungua mdomo, na mimi bila kufikiri hata sekunde nikasema, "Alo, alo, unanisikia?"

Watu walianguka kutoka kwenye viti. Siwezi kueleza. Nilingoja kidogo, nikacheka kwa pua, hm-hm-hm, kisha nikamfanya mchawi amwambie malkia wa milima yote asile mayai ya barabarani. Kufikia sehemu ya nne mchawi alikuwa anapendwa kuliko malkia. Vijana wa mtaa walisalimiana, "Alo, alo, unanisikia?" kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, hata taa za barabarani, zinazoitwa roboti kule, zikiwa nyekundu na magari yamesimama. Mchumba wangu hakujua chochote. Jumapili alasiri alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliwahi kuniuliza mara moja tu, "Juu ya nini majitu yote yanatoka kwetu?" Nikamwambia ni sanaa, akanyamaza, na mimi nikadhani ameelewa.

Kisha mama yake akaja.

Alivuka mpaka, akaja kwa ndege kutoka Kigali, kukaa wiki tatu, na kila mtu alijua amekuja kuniangalia mimi. Alikuwa mama mfupi, mnadhifu, kitenge chake kimefungwa bila kunyanzi hata moja. Siku ya kwanza aliniita "papa", kama Wakongo wanavyomwita mwanamume wanayemheshimu au wanayemwandalia jambo, na sikujua mimi niko upande gani. Alinilisha, akaniuliza kanisa ninalosali, akaniuliza meno yangu yote ni yangu. Nilijibu vizuri. Nilianza kuamini mambo yamekwisha.

Jumapili ya pili, mwalimu wa kwaya aliugua. Mama akamwuliza binti yake mkwe wake mtarajiwa hufanya nini Jumapili. Wakaja.

Niliwaona wanaingia sehemu ya nane ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Watu wakainuka kumpisha mama, akapewa kiti cha mbele, kile cha kuzunguka ambacho kinyozi alikuwa anakileta kutoka saluni kwa ajili ya wakubwa. Nikajua katika sehemu hiyo mchawi anatokea mara sita. Jasho likanitoka mpaka maikrofoni ikawa inateleza. Bado nilikuwa na matumaini kwamba ataisikia sauti ile na asijitambue, kwa sababu nani anaijua sauti yake mwenyewe?

Hapo simu yake ikalia. Dada yake, kutoka Bukavu. Mama akasimama kwa heshima, akageukia ukutani asitusumbue, akasema:

"Alo, alo, unanisikia?"

Akangoja kidogo. Kisha akacheka, hm-hm-hm.

Watu thelathini wakageuka kumtazama. Halafu fundi simu akapiga yowe, "Jamani, mchawi huyu hapa! Mchawi mwenyewe!" na chumba kikapasuka kwa kicheko. Mama akakata simu, akatazama huku na huku, akafikiri labda kitenge kimefunguka. Kwenye televisheni mchawi akawa anatoka majini. Nikamsemea kwa Kiswahili cha Tanga, kile cha kifalme: "Ewe malkia mtukufu, nimekuja kwako kwa heshima na taadhima." Wakanizomea. "Aa! Turudishie mchawi wetu!" Nikajaribu cha Nairobi, mlinzi akauliza kama sasa mchawi amehamia kwao. Nikanyamaza kabisa, mchawi akawa anafungua na kufunga mdomo bila neno. Fundi simu, Mungu amsamehe, akadhani anamsaidia mgeni. Akainama mbele ya mama, akamweleza kwa adabu zote kwamba huyu mchawi kwa kawaida husema hivi, akamwigizia yote, alo, kungoja, kicheko cha puani, na mayai ya barabarani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mchumba wangu alikuwa amenikazia macho, na sijawahi kutazamwa vile tena maishani.

Jioni hiyo, katika chumba cha cherehani, nilirushiwa futi ya kupimia, sabuni ya kuchorea, na nusu ya koti. "Nilikusikilizisha mama yangu mu simu," alisema, "weye ukaenda kumuweka mu matope! Batu wote wa Rosettenville banamucheka!" Nilijaribu neno sanaa, na nusu ya pili ya koti ikanifikia. Niliogopa kweli. Nilimpenda mwanamke yule, na niliona ninavyompoteza kwa kitu nilichokifanya kwa kujifurahisha.

Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu haifiki chini. Alinyoosha mkono binti yake akanyamaza.

"Papa, ule malkia, ni mweusi?"

"Ndiyo, mama."

"Na batu bote banakubali?"

"Kulikuwa na maneno mwanzoni, mama. Lakini niliwaelimisha."

"Muzuri. Donc," akasema, neno la Kifaransa la kusema basi, "Jumapili yenye inakuya, malkia aseme sawa mimi."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Nikamweleza kwamba ile ni sehemu ya mwisho kabisa, na watazamaji hawatakubali.

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu malkia ni malkia, mama. Watu wameshamzoea alivyo."

"Anaweza kuwa mweusi, lakini hawezi kusema sawa mimi?"

Nilifungua mdomo kutoa hotuba yangu, ile ya chungu na cheti cha kuzaliwa, nikakuta haina pa kukaa. Nilikuwa ukurasa wa tatu, mimi mwenyewe. Mama akaniambia anaondoka Jumanne inayofuata, na jibu la ndoa atanipa nyuma ya malkia, yaani malkia akishamaliza kusema.

Wiki ile nilifanya mazoezi Fordsburg katikati ya majora ya vitambaa. Wateja waliniogopa. Ni rahisi kumwiga mtu kwa kumcheka. Lakini kila nilipotaka kumpa malkia maneno yale kwa heshima, mchawi alitokea na magugu yake.

Jumapili chumba kilijaa mpaka mlangoni. Tulitundika vitenge dirishani kuzuia jua. Mama alikaa kiti cha kuzunguka, binti yake pembeni yake, mikono imekunjwa. Malkia akatokea juu ya ukuta wa ngome, upepo unampiga, jeshi lote linamngoja. Nikavuta pumzi.

"Batu bangu," nikasema, "musiogope."

Kicheko. Kisha minong'ono. Kisha fundi simu akasimama, amekasirika kwelikweli. "Kaka, unafanya nini? Malkia hawezi kuongea hivyo!"

"Kwa nini?"

"Si malkia bwana! Umemharibu! Nani atamwamini?"

Na wale wote waliopiga makofi kwa ajili ya malkia mweusi, wale waliopiga miguu sakafuni, walikuwa wanatikisa vichwa pamoja naye. Mwanamke mmoja wa Kigoma alisema hakuja kuchezewa. Hata Wakongo wawili wa nyuma walisema ni afadhali cha Tanga, wamekizoea. Nilikuwa namtazama mchumba wangu, na uso wake ulikuwa unafungika.

Aliyeinua mkono alikuwa mlinzi. Nikajua nimekwisha.

"Mimi nimesoma hiyo kitabu mara mbili," alisema. "Kuhusu ngozi, imesema, na bado nasimama hapo. Lakini hakuna mahali imesema malkia anaongea Kiswahili ya wapi. Nimetafuta. Kwa hivyo mama aendelee."

Alisema "mama", na watu wakageuka kumtazama mgeni wa kiti cha kuzunguka. Mimi nikaendelea, lakini nilikuwa naharibu. Sentensi moja Bukavu, nyingine inarudi Tanga, ya tatu haina kwao. "Haiko vile," mama akasema kutoka kitini. Nikarekebisha. "Haiko vile." Mara ya tatu akashuka, akaja mpaka mezani, akanyoosha mkono. "Unipatie ile kintu."

Nikampa maikrofoni. Tukawa tunafanya hivi: mimi nasikiliza Kiingereza, namnong'oneza sikioni kwa Kiswahili changu, yeye anasema kwa chake. Tulifika penye mwana wa mfalme wa nchi tambarare. Amepanda mlima peke yake, nguo zimechanika, anasimama langoni kumwomba malkia binti yake. Nikanong'ona, "Malkia anauliza, kwa haki gani umethubutu kufika langoni pangu?"

Mama akamtazama yule kijana kwenye televisheni. "Umekula?" akasema kwenye maikrofoni.

"Mama, hajasema hivyo."

"Mutoto anatoka mbali vile, na hakuna mwenye anamuuliza kama amekula? Ni malkia gani ule?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika, walikuwa wanacheka upande wake. Kuanzia hapo sikumdhibiti. Malkia aliwaambia majemadari wasimame vizuri. Alimwambia waziri wake mwongo kwamba anamjua tangu mama yake. Alipoinua chungu cha mwisho, kile chenye upepo uliomwua mumewe, mama hakungoja ninong'one. Alisema polepole kwamba amekaa na kitu hiki mu nyumba miaka mingi, na kila asubuhi anakipanguza vumbi, na hakuna mwenye anajua. Fundi simu alikuwa mdomo wazi. Mwanamke wa Kigoma alishika kona ya kanga yake akajifuta. Nikaona wivu, nisiseme uongo.

Ndipo umeme ukakatika. Mwaka ule ulikuwa unakatwa kwa zamu, na tulikuwa tumesahau zamu yetu. Televisheni ikazima, spika ikazima, chumba kikawa cha kijivu. Watu wakaguna kama uwanja uliokosa penalti. Kinyozi akashusha vitenge dirishani, mwanga wa saa kumi ukaingia, tukaonana nyuso.

Mama hakurudi kitini. Maikrofoni iliyokufa bado ilikuwa mkononi mwake, ila sasa alikuwa amenigeukia mimi.

"Donc, weye unataka mutoto yangu."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua malkia amekwisha ondoka.

"Ninamtaka, mama. Na ninaomba radhi kwa..."

"Ngoja. Mama yako iko wapi?"

"Tanga, mama."

"Tanga fasi gani?"

Nikatazama sakafu iliyojaa nywele. "Kijijini, mama. Nyuma ya Muheza."

"Na yeye, mu hii filimu, njo anasemaka nani?"

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa kwamba anauliza sauti ya mama yangu nimempa nani, na nikatamani umeme urudi wakati ule. Mama yangu ni Mbondei wa shambani. Kiswahili chake lugha ya nyumbani inachungulia katika kila neno, kama changu nacho kilivyokuwa mpaka nilipopelekwa shule ya bweni mjini, wenzangu wakanicheka muhula mzima, na mimi nikajisugua ulimi mpaka ukang'aa. Kiswahili cha malkia hakikuwa cha mama yangu. Nilikichukua kwa watoto walionicheka. Nilikuwa nimegawa Kiswahili cha nchi tatu, nikawapa wafalme, wezi, askari, wachawi, na sikumbuki kama siku moja nilifikiri kumpa yeye hata jitu moja.

"Hayumo, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi uliniweka mu matope. Ni kweli. Lakini uliniweka. Mama yako haukumuweka hata fasi moja."

Machozi yalinijia mbele ya watu wote wale, kwenye saluni ya kinyozi, na sikuwa na sauti yoyote ya kujifichia. Mchumba wangu akainuka, akaja kusimama karibu nami. Hakunishika, lakini alisimama karibu.

"Umupigie," mama akasema.

"Sasa hivi?"

"Jibu la ndoa, ni yeye njo nitamupatia. Mimi siozeshe mutoto kwa mutu mwenye mama yake sijamusikia."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Mama yangu alipokea baada ya mlio wa nne, kuku wanasikika nyuma yake, na kwa Kiswahili chake chote, kile nilichokuwa namwomba asikitumie wageni wanapokuja, akauliza nani amekufa. Nikaanza kumweleza. Mama wa Bukavu akaichukua simu mkononi mwangu.

"Alo, alo," akasema, "unanisikia?"

"Nakusikia, mwenzangu," akajibu mama yangu. "Kijana wangu amekula?"

Walizungumza mpaka salio likaisha, na mimi sikutafsiri hata neno moja.